Mara Thelathini na Saba

Kefa Ndahani hakuwa mtu wa kutia chumvi. Akisema gari limekunywa lita kumi na mbili, limekunywa kumi na mbili, na aliyebisha alionyeshwa daftari. Kwa miaka thelathini na miwili aliendesha magari ya serikali, kwanza ya wilaya kisha ya wizara, na kila safari aliiandika kwa mkono wake: tarehe, atokako, aendako, kilomita za kuanzia, kilomita za kuishia, muda wa kusubiri, sahihi ya bosi. Alipostaafu alirudisha funguo. Madaftari yake alibaki nayo, kwa kuwa hakuna aliyeyaulizia.

Kwa hiyo siku Brighton, kijana mwenye magari ya kukodisha, alipomuuliza, "Mzee, Kolo kwenye michoro ya kale unakujua?" Kefa hakukisia. Alikwenda nyumbani, akayafungua madaftari, akahesabu. Kesho yake akarudi na jibu.

"Nimefika mara thelathini na saba."

Brighton alipiga mluzi. Jioni ile ile tangazo likazunguka kwenye simu za watu wa Dodoma: safari ya siku moja kuona michoro ya Kondoa, gari zuri, dereva mzoefu aliyefika Kolo mara 37.

Namba ilikuwa ya kweli. Ila katika safari zote hizo Kefa hakuwahi kupanda kilima. Alifika pale gari linapoishia, akaegesha, akawafungulia mlango wakaguzi, wajumbe wa kamati, maprofesa na wageni wao, kisha akabaki. Gari la serikali haliachwi. Jambo hilo alifundishwa na yaliyompata mwenzake Damas, aliyekwenda kuchungulia maporomoko ya maji kwa dakika kumi, akarudi akakuta tairi ya akiba haipo, na miaka yake ya kazi iliyobaki akaimalizia getini akiandika namba za magari ya wenzake. Tangu hapo Kefa hata haja ndogo aliifanya mahali ambapo aliliona gari.

Brighton hakuuliza habari za kilima, na Kefa hakuzisema. Miezi minane alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake Chang'ombe, akiyatambua magari kwa mlio wa injini kabla hayajatokea kwenye kona. Mkewe alimwambia kuwa hata mbuzi wana mahali pa kwenda asubuhi. Na Brighton alikuwa na Prado moja isiyo na dereva wa kudumu.

"Jumamosi nakupa mteja mmoja, mzee," alisema. "Akiridhika, gari ni lako kila wikiendi. Asiporidhika, tusilaumiane."

Mteja huyo alikuwa Mwalimu Raheli Mbwambo, mstaafu kutoka Same, aliyekuja kumtembelea mwanawe anayefanya kazi Mtumba. Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi Kefa alikuwa mbele ya geti la nyumba ya mwanawe huyo, Ilazo, gari limeoshwa mpaka ndani ya matairi. Mwalimu akatoka saa kumi na mbili kamili: mwanamke mwembamba, viatu vya raba, fimbo mkononi na mfuko begani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

"Mimi sitini na sita. Hiyo naipokea, lakini usiirudie mchana. Utanizeesha."

Kefa alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma kushoto, kama alivyofungua kwa miaka thelathini na miwili. Mwalimu alikitazama kile kiti kama ubao uliofutwa vibaya.

"Huko wanakaa mawaziri na wagonjwa," alisema, akaenda kufungua wa mbele mwenyewe.

Mfukoni alikuwa na maji, chapati nne, na tochi kubwa mpya, bado iko kwenye boksi lake. Aliitoa, akaipachika betri tatu moja moja, akaiwasha, akaizima, akairudisha. Kefa aliona. Dereva haulizi vya mfukoni mwa abiria.

Walipoiacha Msalato nyuma yao jua lilikuwa limechomoza upande wa Kefa na mashamba ya uwele yaliyovunwa yalikuwa yamebaki mabua matupu. Mwalimu aliuliza, Kefa akajibu. Hili daraja lilijengwa lini? Kabla ya lami watu walitumia saa ngapi kufika Kondoa? Kefa alisema kiangazi saa tano, masika Mungu ndiye ajuaye. Yeye aliwahi kulala njiani siku mbili kabla ya kufika Haneti, gari limezama mpaka milango.

"Mwaka gani?"

"Tisini na nane. Tarehe kumi na moja Februari, tukatoka tarehe kumi na tatu, saa nne asubuhi."

Mwalimu aligeuka akamtazama vizuri. "Wewe ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekupa ukiranja."

Kefa alifurahi, na mwendo wake ukabaki kilomita themanini kwa saa.

"Mimi nimefundisha historia miaka thelathini na mmoja," Mwalimu alisema. "Kila Januari, kidato cha kwanza: Zama za Mawe, michoro ya mapangoni, Kondoa Irangi. Nilikuwa nachora ubaoni mdomo wa pango, watu wanaingia na mienge. Miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kukanyaga. Likizo ilikuwa ya kulima, mshahara wa ada za watoto. Sasa nikaliona tangazo lako. Mara thelathini na saba! Nikasema, huyu ndiye. Sitaki wa kunipeleka tu, nataka anayejua."

Kefa alishika usukani kwa mikono miwili.

"Basi niambie," Mwalimu aliendelea. "Humo ndani giza ni la kiasi gani? Hii tochi yangu itafaa, au ningetafuta kubwa zaidi?"

Barabara ilikuwa imenyooka. Haikuwa na shimo wala ng'ombe. Hapakuwa na kitu cha kumwokoa. Kefa alipitia kila alichokijua kuhusu Kolo. Aliujua mti wa pale pa kuegesha, kwamba saa nne kivuli chake kinaangukia magharibi na saa nane kimehamia upande wa pili. Aliwajua siafu wa pale. Aliwajua wageni wanavyoteremka, jasho mgongoni, vumbi jekundu magotini, wakiulizia maji. Wangapi walisema juu kuna giza? Hata mmoja. Wangapi walisema kuna mwanga? Hata mmoja. Mabosi hawamsimulii dereva walichokiona.

"Giza lipo, Mwalimu," alisema. "La kawaida tu. Tochi hiyo inatosha."

Halikuwa neno kubwa, lakini lilikuwa la kwanza kumtoka ndani ya gari bila yeye kujua kama ni kweli. Lilitoka kwa ulaini hata likamtisha.

Ofisini Kolo walikata tiketi, wakapewa mwongozaji, Hamza, Mrangi wa kijiji hicho hicho, mtu wa miaka arobaini na kitu, kofia ya kufuma kichwani. Alipomwona Kefa alifungua mikono.

"Mzee Kefa! Mimi nikadhani wameshakuzika."

"Wamenistaafisha."

"Ni mamoja. Afadhali umefufuka."

Hamza akapanda nyuma, mahali pa mawaziri, nao wakaiacha lami. Njia ya kwenda kilimani ni ya mawe na makorongo, na Kefa aliipita kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Pale njia inapoishia aliegesha chini ya mti wake.

"Haya, mzee wetu," Hamza alisema akishuka, "kivuli chako kipo. Hakuna aliyekihamisha."

"Kivuli gani?" Mwalimu aliuliza.

"Cha gari, Mwalimu," Kefa alisema. Hilo lilikuwa kweli.

Mwalimu alikitazama kilima. Mawe makubwa yalikuwa yameegemeana, na kijia kikapenya katikati yake kikielekea juu bila huruma. "Twende, Bwana Kefa."

"Mimi nalinda gari."

"Dhidi ya nani? Naona tumbili watatu, na hakuna hata mmoja mwenye leseni."

"Ndiyo kazi yangu, Mwalimu. Hamza anatosha."

Mwalimu hakubisha. Akaanza kupanda na fimbo yake, Hamza mbele, na Kefa akakaa kwenye kiti chake, mlango wazi, akiwahesabia hatua. Kwenye hatua ya sitini Mwalimu alisimama. Kwenye ya themanini na kitu kulikuwa na jiwe la kupanda kama meza. Hamza alimvuta mkono kutoka juu, goti likakataa, Mwalimu akakaa chini ghafla. Akanyanyuka, akajaribu tena. Akakaa tena.

"Mzee Kefa!" Hamza alipiga kelele. "Goti la mama limegoma. Anahitaji mtu wa chini. Tufanyeje, tuteremke?"

Kefa alipima kichwani. Wakiteremka, yameisha. Mwalimu angekula chapati zake kivulini, yeye angempa pole ya kweli, na jioni Brighton angesikia habari za goti, si za dereva. Namba yake ingebaki nzima. Lakini akipanda, kila hatua ingekuwa ya kwanza kwake, na yule mwanamke alikuwa na macho ya kusahihisha mitihani.

Juu pale Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jiwe, mfuko mapajani, amempa Kefa mgongo. Hakuwa analalamika. Alikuwa anakitazama kipande cha kilima kilichobaki, kama anayepima iwapo kukiona tu akiwa hapo hapo kutamtosha.

Kefa alishuka. Alifunga milango, akaujaribu kila mmoja mara mbili, akatia funguo mfukoni, akapanda.

"Samahani, Mwalimu," alisema akiweka mkono mgongoni pake.

"Samahani ya nini? Sukuma."

Walikwenda hivyo, Hamza akivuta, Kefa akisukuma, wakipumzika kila hatua ishirini. Mahali fulani Hamza alitangulia kuondoa miiba, akapotea nyuma ya mwamba, na kijia kikagawanyika mbele yao.

"Ni huku au kule?" Mwalimu aliuliza.

Kefa alitazama kushoto. Alitazama kulia. "Tumngoje Hamza."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

Walitumia saa moja na dakika tano. Mwishoni kijia kilizunguka jiwe, na mbele yao ukasimama ukuta wa mwamba, mrefu kuliko nyumba, umeinama mbele kama paa la baraza. Chini yake palikuwa na sakafu ya mawe yaliyochongwa na nyayo za watu, na upande mmoja wote ulikuwa wazi, unaangalia bonde. Jua la saa tano lilikuwa limejaa humo. Na ukutani, kwa rangi nyekundu kama udongo wa njiani, walikuwepo: watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama mizinga ya nyuki, wanyama wengine wamefifia, wengine wamepandana, mikono, migongo, miguu.

Mwalimu alisimama. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa tochi, akaiwasha. Katika mwanga ule haikujulikana kama imewaka. Akaielekeza ukutani, ukuta haukubadilika. Akaizima.

"Hamza, pango liko wapi?"

"Si ndiyo hapa, mama."

"Hapa ni barazani."

"Wenye vitabu wanaita pango," Hamza alisema. "Sisi tunaita mwamba. Jua linaingia humu tangu liumbwe."

Mwalimu aligeuka taratibu. "Bwana Kefa. Lile giza la kawaida tu."

Kefa alivua kofia. Alikuwa amewahi kusimama mbele ya makatibu wakuu wawili akieleza ajali isiyo yake, na haikuwa vigumu kama hivi.

"Sikujua, Mwalimu. Sijawahi kufika hapa."

"Mara thelathini na saba?"

"Mara thelathini na saba nimefika pale chini. Chini ya mti. Ukitaka kujua lolote la pale chini nitakwambia."

Hamza alianza kucheka, akaona uso wa Mwalimu, akaacha.

Mwalimu alikaa juu ya jiwe, tochi mkononi. Aliiwasha na kuizima mpaka Kefa akaanza kufikiria maneno ya kumwambia mkewe.

"Mwaka tisini na nne," Mwalimu alisema, "kidato cha kwanza B, nilikuwa na mtoto anaitwa Habibu. Alipangiwa shule yetu ya bweni kutoka huku huku Kolo. Nilikuwa nimechora pango langu ubaoni na watu wangu wenye mienge. Akanyoosha mkono. 'Mwalimu, hakuna pango, na mienge ya nini? Jua linaingia.' Darasa zima likacheka. Nikamwambia akae. Akasema tena, 'Mwalimu, mimi nachungia mbuzi pale.' Nikampigisha magoti nje mpaka kengele. Na mwisho wa muhula, kwenye ripoti, nikaandika 'mbishi'. Baba yake akaisoma hiyo, au akasomewa."

"Ulikuwa na kitabu," Kefa alisema.

"Nilikuwa na kitabu. Na wewe una daftari." Aliigeuzageuza tochi. "Lakini wewe uliogopa kukosa kazi. Mimi sikuwa hata na sababu hiyo."

"Habibu mwana wa nani, mama?" Hamza aliuliza. "Kolo hii akina Habibu ni wengi kuliko mbuzi."

Mwalimu alifumba macho, akayafumbua. "Jina la baba yake silikumbuki. Nakumbuka namba yake kwenye rejista. Arobaini na tatu."

Basi Hamza akafanya kazi yake. Aliwaonyesha twiga, aliyehitaji kuonyeshwa mara mbili ndipo aonekane. Aliwaonyesha mnyama mkubwa aliyechorwa juu ya mwingine, na mahali ambapo wazee wa kijiji bado huja na maombi yao. Kefa alitazama kila kidole kilipokwenda. Aliwahesabu watu wa ukutani, akafika kumi na wanne, akaanza upya kuhakikisha.

"Hawa wanacheza, au wanagombana, wataalamu hawajakubaliana," Hamza alisema. "Na huyu wa pembeni, aliyejitenga, hatujui anafanya nini."

"Huyo," Kefa alisema, "analinda vitu vya wenzake."

Mwalimu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, lakini kilikuwa kicheko. Akampa Hamza tochi. "Chukua wewe. Huku haina kazi."

"Nyumbani kwangu giza lipo, mama. La kweli kabisa."

Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Safari hii Kefa alitangulia, Mwalimu ameshika mabega yake kwa mikono yote miwili. Katikati ya njia akasema karibu na sikio lake, "Ungekaa kwenye gari, ningerudi chini. Nisingejua kitu."

"Najua, Mwalimu."

"Ulijua ukipanda?"

"Nilijua."

Gari lilikuwepo, na tairi ya akiba pia. Kefa aliikagua kabla ya kufungua milango. Walikula chapati kivulini, kilichokuwa sasa kinakaribia kuhamia upande wa mashariki, wakamrudisha Hamza ofisini, wakaondoka.

Walikuwa wamepita Kondoa mjini Brighton alipopiga. Kefa hakupokea simu akiendesha. Alitafuta mahali pazuri, akaweka taa za tahadhari, akasimama.

"Mzee, vipi? Nipe mteja."

Kefa alimpa Mwalimu simu, akatazama mbele. Sauti ya Brighton ilisikika gari zima.

"Mama, safari imekwendaje? Dereva wetu amekueleza vizuri?"

"Hapana. Nilimuuliza jambo moja kuhusu kule juu, na jibu lake lilikuwa la uongo."

Kefa aliutazama mshale wa mafuta. Robo tatu.

"Pole sana, mama," Brighton alisema. "Kwa hiyo hukuridhika."

"Sijamaliza. Tangazo lako lina kosa. Mara thelathini na saba amefika chini ya kilima, kwa sababu aliajiriwa kukaa chini ya kilima. Juu amefika mara moja, leo. Na alinisukuma kilima kizima huku akijua nikifika ataumbuka. Kwa hiyo ile namba ifute. Andika moja."

"Mama, mara moja! Nani atamkodi dereva wa mara moja?"

"Mimi. Mwezi wa kumi na mbili, nikija kwa mwanangu. Na nitakuja na walimu wenzangu watatu. Wote walifundisha pango lile lile."

Lori la vitunguu liliwapita, gari likatikisika.

"Mpe mzee simu," Brighton alisema.

"Naam," Kefa alisema.

"Jumamosi ijayo kuna wageni wanne wa semina. Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Na juu unapanda nao, sawa? Usichelewe."

"Sijawahi kuchelewa."

"Hilo nalo lina namba?"

"Lina," Kefa alisema. "Lakini hiyo nimeihakiki."

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni walisimama Ilazo. Kabla Mwalimu hajashuka, Kefa alitoa chini ya kiti daftari jipya, lililopigwa mistari kwa rula kama yale ya zamani, akajaza: Dodoma, Kolo, Dodoma, kilomita za kuanzia, kilomita za kuishia. Akamwelekezea Mwalimu mahali pa sahihi.

Mwalimu alivaa miwani, akausoma mstari wote kabla ya kushika kalamu, kama alivyosoma kila kitu.

"Umeacha hapa," alisema. Kidole chake kilikuwa kwenye safu ya muda wa kusubiri.

Kefa alichukua kalamu. Safu hiyo alikuwa ameijaza mara thelathini na saba kwa Kolo pekee, saa tatu, saa nne, siku moja saa sita na robo. Alifikiri kidogo, akaandika sifuri, kisha akamrudishia Mwalimu kalamu atie sahihi.